Muda na Gharama za Kupima Sura za Majengo ya Zamani, Bukoba na Muleba



Kamati ya gazeti letu iliniomba niandike historia ya majengo ya shule. Baada ya kuzunguka na daftari kwa miezi miwili nimeona kwamba kazi hiyo haiwezi kuandikwa sasa, kwa sababu majengo mengi tuliyoyajua hayapo tena na michoro yake haipo popote nilipouliza. Kwa hiyo nimeandika historia ya jambo lililo jirani nalo, ambalo ndilo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: jinsi binadamu alivyojifunza kupima jengo kwa kulipiga picha, jinsi muda na fedha za kazi hiyo vilivyobadilika, na kwa nini sisi wa huku Kagera tulichelewa kuitumia elimu hiyo. Wataalamu huiita fotogrametria. Mtu asiogope neno. Maana yake ni kupima kwa picha, basi.

Nianze na tetemeko, maana bila lile tusingekuwa na mazungumzo haya. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika kwa nguvu ya 5.9. Kitovu kilikuwa upande wa Missenyi, kiasi cha kilometa 40 chini ya ardhi. Watu wasiopungua 17 walifariki katika mkoa wetu, mamia walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Ihungo ilijengwa upya, na majengo yake mapya yakazinduliwa Januari 2021. Hayo yanajulikana na kila mtu.

Lisilosemwa sana ni jinsi majengo ya zamani yalivyoanguka. Kuta nyingi za misheni, za shule na za maduka ya mjini zilijengwa kwa mawe au matofali ya kuchoma yaliyoshikwa na tope au chokaa, bila nondo na bila lenta ya kuzunguka jengo zima. Ukuta wa namna hiyo hubeba mzigo wa juu kwa miaka mia, lakini ukisukumwa kutoka ubavuni hauna cha kuushika. Sehemu ya kwanza kwenda ni ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa, kisha urembo wote uliosimama peke yake juu ya mlango: msalaba, tarehe ya ujenzi, matao, jina la mwenye duka. Yaani sura ya mbele, ile ambayo mjenzi aliifanyia kazi zaidi, ndiyo hutangulia kuanguka. Mapaa na kuta za nyuma mara nyingi hubaki.

Miezi kadhaa baadaye baadhi yetu tulitaka ukumbi mpya wa shule urudishiwe walau sura ya ule wa zamani. Fundi tuliyemwita alikuja na kalamu sikioni akauliza swali moja: hayo matao yalikuwa mangapi, na upana wa kila tao ni kiasi gani? Tulikuwa wazee sita pale. Wawili tulisema matatu. Mmoja aliapa kwa marehemu mama yake kwamba yalikuwa matano. Wengine watatu walinyamaza, na mimi nilijua kwamba wanyamavu ndio waliokuwa wakweli. Tumepita chini ya matao yale kila asubuhi kwa miaka minne, tukaimba mbele yake, tukaadhibiwa mbele yake, na hakuna aliyeweza kumpa fundi kipimo kimoja. Ukumbi mpya ulijengwa ukiwa na uso bapa.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1858 kijana mmoja Mjerumani, Albrecht Meydenbauer, alipewa kazi ya kupima kanisa kuu la mji wa Wetzlar. Utaratibu wa siku zile ulikuwa kusimamisha jukwaa la miti kuanzia chini hadi juu na kupima kila jiwe kwa mkono. Jukwaa lilikuwa ghali, hivyo kijana yule, ili aokoe fedha na muda, akawa anateremshwa ukutani kwa kikapu cha kamba. Jioni moja alitaka kuruka kutoka kikapuni kuingia dirisha la mnara. Kikapu kikayumba kikaondoka ukutani. Alining'inia kwa mkono mmoja, akakisukuma kikapu kwa mguu, akanusurika. Aliposhuka chini alijiuliza: kama picha ya kamera imeumbwa kwa kanuni za macho na nuru, kwa nini mtu asiisome kinyumenyume, kutoka kwenye picha kurudi kwenye jengo? Angalieni kwamba elimu hii ilizaliwa na hesabu ya gharama za jukwaa. Wengi hudhani ilizaliwa katika maabara.

Jina lenyewe lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1867, na hapa pana jambo la kuwafurahisha vijana wa Jiografia. Aliyemshauri Meydenbauer atumie neno fotogrametria ni mwanajiografia Otto Kersten, yule yule aliyefuatana na Baron von der Decken mwaka 1862 kupanda Kilimanjaro, wakafika juu ya mita 4,000 kabla ya kurudi. Kwa hiyo mtu aliyeipa kazi hii jina alikuwa ameshakanyaga ardhi yetu na vyombo vya kupimia mabegani mwa wapagazi.

Mwaka 1885 serikali ya Prussia ilimpa Meydenbauer ofisi maalum Berlin ya kupiga picha za vipimo za majengo ya kumbukumbu. Hadi kufikia mwaka 1920 ofisi ile ilikuwa na picha za vioo zipatazo 20,000. Kioo kimoja kilikuwa na ukubwa wa sentimita 40 kwa 40, kizito kama sinia la shaba. Falsafa yake ilikuwa ya kihasibu kabisa: piga picha sasa, chora utakapohitaji. Kupiga picha kulichukua saa chache, na kuchora kulichukua wiki, tena kulihitaji mtaalamu. Kwa hiyo vioo vingi viliwekwa kabatini bila kuchorwa. Wengine walimcheka. Vita vya Pili vilipobomoa miji ya Ujerumani, vioo hivyo hivyo vilitolewa kabatini kusaidia kujenga upya.

Huku kwetu mwaka ule wa 1885 mji wa Bukoba ulikuwa bado haujaanzishwa. Emin Pasha aliweka kituo chake pale ufukweni mwaka 1890, na Mapadre Weupe wakafungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Waliojenga makanisa na shule za kwanza walikuwa na mafundi wetu wenyewe, waliofundishwa kuchoma tofali na kupasua mbao papo hapo. Michoro yao mara nyingi ilikuwa karatasi moja, au ilikuwa kichwani mwa bruda aliyesimamia. Bruda alipozikwa, mchoro ulizikwa naye. Na mafundi waliorithi kazi ile nao wamepungua kabla ya wakati wao. Wenzangu wa rika langu wanajua ninachokisema: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa mkoani mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata tulizika waashi na maseremala wengi waliokuwa katika nguvu zao.

Picha za kupimia zilifika Tanganyika, lakini zilipita juu angani. Kuanzia mwaka 1946 Waingereza walikuwa na idara yao ya upimaji wa makoloni iliyochora ramani zetu kutokana na picha za ndege. Vilima vya Kamachumu na mabonde ya Kihanja vilichorwa na watu waliokaa Uingereza, macho yao kwenye lenzi mbili, ambao wengi wao hawakuonja senene hata siku moja. Mimi nilipokwenda Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, kusomea upimaji, nilifundishwa kutumia chombo kile. Unaweka picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kutoka sehemu mbili, jicho la kushoto linatazama moja na la kulia nyingine, na ghafla kilima kinainuka kutoka mezani. Nakumbuka nilitazama karatasi za Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama ulivyoitwa mpaka 1979, nikautafuta mteremko wa shule. Niliuona. Paa la ukumbi lilikuwa doa jeupe lenye ukubwa wa punje ya mtama. Lakini picha ya ndege huona paa. Uso wa jengo haiuoni.

Kupima nyuso za majengo kwa mtindo huo huo wa macho mawili kulihitaji kamera maalum za chini, zilizokaguliwa kiwandani, na mashine ya kuchorea iliyojaza chumba. Kazi kubwa iliyowashtua watu ni ile ya Nubia, mto Naili ulipokuwa karibu kuzuiwa na bwawa la Aswan. Wafaransa wa taasisi yao ya ramani walisaidia kuyapima mahekalu, pamoja na Abu Simbel, kabla halijakatwa vipande na kuhamishiwa juu zaidi kati ya 1964 na 1968. Serikali na mashirika ya dunia nzima yalichangia. Kwa bei hiyo nani angekuja kupima kanisa la Rubya au duka la Mhindi mjini Bukoba?

Hata hivyo msidhani kwamba bila mashine hakuna kilichofanyika Afrika Mashariki. Mwaka 1966 Peter Garlake alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani yetu, na vipimo vile vilichukuliwa kwa kamba, timazi na miguu yake mwenyewe, msikiti kwa msikiti. Usam Ghaidan alifanya kazi ya namna hiyo Lamu, akatoa kitabu mwaka 1975. Michoro hiyo inatumika mpaka leo. Nasema hivi kwa sababu vijana wa siku hizi hupenda kudharau kamba. Mtu aliyepima ukuta kwa mkono ameugusa. Anajua wapi plasta imefumuka, wapi tofali limebadilishwa. Picha haikupi elimu hiyo.

Fotogrametria ya ardhini ilikuja nchini kwa sifa kupitia nyayo za Laetoli. Nyayo zile zilizogunduliwa mwaka 1978 zilifunuliwa tena katikati ya miaka ya 1990 ili zihifadhiwe vizuri, na wapimaji wa Chuo Kikuu cha Cape Town wakiongozwa na Heinz Rüther walizipima kwa picha kabla ya kufukiwa tena. Timu hiyo baadaye ilianzisha mradi unaoitwa Zamani, ukapima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa picha pamoja na mashine za leza. Kilwa ilikuwa imewekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004. Ikaondolewa humo mwaka 2014.

Sasa nije kwenye hesabu, maana ndiyo niliyoahidi katika kichwa cha habari.

Chukueni mfano wa uso wa jengo wenye upana wa mita 20 na kimo cha mita 8, ambao ni ukubwa wa kanisa la kawaida la parokia au ukumbi wa shule. Kwa kamba, timazi na ngazi, watu wawili wanaojua kazi watamaliza kuchukua vipimo kwa siku moja na nusu au mbili, kama hakuna mnara. Mnara ukiwepo, ongeza siku na ongeza hofu. Kisha siku mbili mezani za kuchora. Vifaa ni vya bei ndogo na vinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Gharama yako kubwa ni posho ya watu na ngazi ndefu ya kukodi, na makosa yako yatakuwa sentimita mbili tatu huku na huko.

Kwa mtindo wa macho mawili wa enzi zangu, ungeweka kamera mbele ya jengo mara mbili, umbali kati ya vituo ukiwa kama sehemu ya tano hadi ya kumi na tano ya umbali wako na ukuta. Theodolaiti ingepima alama chache ukutani. Asubuhi moja ingetosha. Lakini baada ya hapo picha zingepelekwa Dar es Salaam au Nairobi kungoja mashine, na mwendeshaji aliyefundishwa kwa muda mrefu angekaa siku moja au mbili kuchora. Usahihi ulikuwa mzuri kuliko wa kamba. Kwa jengo moja la Muleba, hata hivyo, bei haikuwa na maana. Mtindo ule ulilipa tu ulipokuwa na majengo mengi ya kupima kwa safari moja.

Mashine ya leza husimama mbele ya ukuta na kuupiga kwa mwale wake, ikipima nukta mamilioni katika dakika chache. Kazi ya uwanjani ni saa moja au mbili. Lakini mashine nzuri inagharimu makumi ya maelfu ya dola, inataka bima, na inataka kompyuta yenye nguvu. Mtakumbuka kanisa la Notre-Dame la Paris lililoungua tarehe 15 Aprili 2019: mwalimu mmoja wa historia ya sanaa, Andrew Tallon, alikuwa amelipima kwa leza miaka kadhaa kabla, na vipimo vyake viliwafaa waliolijenga upya. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2018, hakuona moto wala hakuona faida.

Njia ya nne ndiyo iliyobadilisha kila kitu, nayo imo mifukoni mwenu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta zimefundishwa kutambua zenyewe nukta ile ile katika picha nyingi, na kwa kulinganisha nukta hizo kukokotoa kamera ilisimama wapi na ukuta uko wapi. Hakuna haja ya kamera ya kiwandani. Simu ya kawaida ikiwa mita 10 kutoka ukutani huona upana wa karibu mita 14 kwa picha moja. Picha hiyo ikiwa na nukta 4,000 kwa upana, kila nukta inawakilisha milimita tatu na nusu za ukuta. Msogeleeni mita 5 na mtapata chini ya milimita mbili. Kila picha ifunike asilimia 80 ya ile iliyotangulia, yaani kutoka mita 10 msogee hatua tatu fupi kwa kila picha. Kwa uso wetu wa mita 20 ni picha nane au tisa kwa mstari mmoja. Pigeni mstari wa pili karibu zaidi, ongezeni za pembeni kwa kuinamisha kamera, mtafika picha 40 au 60. Nusu saa. Kompyuta ya kawaida itafanya hesabu kwa saa chache, na programu kadhaa za kazi hiyo ni za bure, mojawapo ikiwa imetengenezwa na taasisi ile ile ya ramani ya Ufaransa.

Ila mtu asije akawadanganya kwamba kazi yote ni nusu saa. Picha iliyonyooshwa si mchoro. Bado lazima mtu akae mezani aamue wapi jiwe linaishia na wapi tope linaanzia, na hiyo ni siku moja au mbili kama zamani. Kwa hesabu yangu muda uliookolewa wote ni ule wa ngazini. Tena kompyuta haijui ukubwa wa kitu. Inajua umbo tu. Kanisa na kibweta cha kuku kwake ni sawa. Kwa hiyo lazima mpime kwa kamba umbali mmoja au miwili ukutani, na ni vizuri mpime wa tatu wa kuhakikishia. Mwaka 1994 kamati ya kimataifa ya kazi hii ilipokea kanuni fupi zilizoandaliwa na Waldhäusl na Ogleby, zikilenga hasa watu wasio na vyombo vya ghali: pima umbali kadhaa, zunguka jengo lote, usiguse kuvuta picha karibu au mbali katikati ya kazi, chagua mwanga ulio sawasawa, chora ramani ya mkono ya pale uliposimama, andika tarehe, hifadhi vizuri. Ziliandikwa kwa kamera za filamu, nazo bado zinafaa.

Mwanga ulio sawasawa tunao kwa wingi. Wageni hulalamikia mawingu ya Bukoba. Mpiga picha wa majengo huyashukuru, kwa kuwa kivuli kikali cha jua huidanganya kompyuta. Shida zetu ni nyingine. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe tupu hauna alama, na kompyuta hukosa cha kushika. Bandikeni vipande vya gazeti. Bati jipya hung'aa. Migomba na miparachichi imekaribia kuta, na hakuna mwenye shamba atakayekuruhusu kukata mgomba wake kwa ajili ya historia. Katika mitaa ya maduka ya mjini, nyaya za umeme na mabango hufunika nusu ya sura. Ndege ndogo isiyo na rubani ingesaidia kwa sehemu za juu, na Zanzibar tangu 2016 walipiga visiwa vyao kwa ndege hizo, lakini kuirusha kunahitaji vibali, na vibali ni safari. Mti mrefu wa mwanzi wenye simu iliyofungwa kileleni unatosha kwa jengo la mita 8. Nimeujaribu na watu walinicheka.

Kwa huku kwetu gharama halisi ni nauli na chakula, pamoja na gharama moja iliyojificha: kutunza. Kioo cha Meydenbauer kilikaa kabatini miaka mingi kikasomeka. Simu ikiibiwa, picha zote zimekwenda. Diski inayokaa kwenye unyevu wa ziwa ina maisha mafupi. Wekeni nakala mahali patatu, na mojawapo iwe nje ya mkoa, kwa sababu tetemeko linaloangusha ukumbi litaangusha na kabati.

Mtaniuliza, kuna faida gani kwa shule yetu ambayo ukumbi wake umeshaondoka? Ipo, na ndiyo sababu hasa ya kuandika. Mlango wa mbele wa ukumbi ule, pamoja na miimo yake, uliokotwa na mlinzi wa zamani akauweka stoo. Nimeupima: futi 6 kwa futi 9 kamili, yaani mita 1.83 kwa mita 2.74. Katika jiometria ya picha, ukijua vipimo vya mstatili mmoja ulio juu ya ukuta bapa, unaweza kuinyoosha picha nzima ya ukuta huo na kupima kila kilichomo. Na kila kidato cha nne kilichomaliza pale kilipigwa picha mbele ya mlango ule. Mlango ni mdogo kulinganisha na ukuta, hivyo kosa dogo katikati hukua linapoelekea pembeni. Picha moja haitoshi. Lakini picha za miaka mbalimbali zilipigwa na watu tofauti waliosimama mahali tofauti, mmoja kushoto kwa mwarobaini, mwingine karibu na mlingoti wa bendera. Hao wapiga picha wa studio walitufanyia nusu ya kazi ya macho mawili bila kujua. Nimepata hadi sasa picha nne: ya 1964, mbili za 1971, na moja ya 1983 iliyokatwa kwa mkasi ili iingie kwenye fremu, jambo lililoniuma sana. Katika zote nne ukingo wa kulia haupo. Matao matatu yanaonekana wazi. Kama kulikuwa na la nne na la tano nyuma ya mabega ya wale warefu wa mstari wa nyuma, siwezi kusema, na mzee wangu aliyeapa bado anaweza kushinda.

Majengo yaliyosimama nayo yana saa yake. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya miaka ya kabla Bukoba haijaanzishwa. Mengine yote yanangoja waziri ayatangaze. Maana yake hakuna ukuta mmoja wa mjini kwetu, uwe wa Wajerumani, wa Wahindi au wa misheni, unaolindwa kwa umri wake peke yake. Hata kulindwa si dawa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kuwekwa ndani ya eneo la urithi wa dunia, sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakafa.

Kwa hiyo nawaomba yafuatayo. Kila aliye na picha ya darasa lake mbele ya ukumbi ailete kwenye mkutano wa Desemba kama ilivyo, bila kuitoa kwenye fremu na bila kuipiga pasi. Tutaipiga nakala mezani na kuirudisha hapo hapo. Tunahitaji hasa picha zilizopigwa kutoka upande wa jikoni, na za miaka ya 1975 hadi 1980, ambazo sina hata moja. Vijana wa Kidato cha Tano wanaosoma Jiografia na Hisabati, nawataka kumi na wawili kwa Jumamosi tatu za mwezi wa saba, ambao mvua zimepungua. Tutaanza na bweni la kwanza lililobaki hapa shuleni, kisha nyuso za maduka ya zamani mjini, halafu tutavuka kwenda Kamachumu na Rutabo kama wenye mahali watakubali. Mwalimu wa zamu ana orodha ya majina ofisini. Kila mmoja aje na simu iliyojaa chaji na kofia. Kamba ya mita 30 ninayo, na ule mwanzi upo.